Karamoja kwa miguu, toka Kadam mpaka Morungole: siku zetu zilipangwa na maji

Watu wakisikia nimetembea Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda, kwa miguu, toka chini ya mlima Kadam pale Namalu mpaka mlima Morungole karibu na hifadhi ya Kidepo, swali la kwanza ni bunduki, la pili ni simba. Hakuna anaeuliza maji. Na mi naona maji ndo habari yote, mengine yanafuata nyuma, saa ya kuamka, uzito wa begi, nani umsalimie kwanza, ulale wapi, hata mtagombana lini na wenzako. Naandika haya sababu vijana wengi sasa hapa Mbale na Kampala wanapenda haiking, wanapanda Elgon, wakipata pesa wanaenda Rwenzori, na huko mito iko kila kona, unajaza chupa unaendelea, alafu mtu anafikiri milima yote ni hivo hivo. Ya Karamoja inataka akili nyingine kabisa.

Kadam ina mita 3,063 na Moroto mita 3,083, kwa hiyo kwa urefu ni milima ya kweli, na juu kabisa kuna msitu na ukungu na baridi. Lakini katikati ya mlima mmoja na mwingine ni tambarare kavu, migunga, mawe, mchanga, na mito ambayo kwa miezi mingi haina hata tone juu. Mvua ikija inaanza kama Aprili inaishia kama Oktoba, na hapo katikati inakatika ikipenda, kuna miaka inakatika mpaka mtama unakauka shambani. Sisi tulienda Januari, ukame umeshika, upepo wa vumbi toka asubuhi. Na usitafute njia iliyochorwa toka mwanzo mpaka mwisho, haipo, tulipita njia za mbuzi, njia za kina mama wa kuni, na mahali pengine barabara ya gari kwa sababu wanajeshi walituambia tusitoke barabarani, na wakisema hivo unasikia.

Tulikuwa marafiki watatu wa Mbale na mzee mmoja wa kutuongoza, Mtepeth wa upande wa Tapac, mlima Moroto ndo kwao. Jina lake tuliacha kulitumia siku ya kwanza tu, ikawa mzee, mzee, mpaka mwisho. Kutangulia na mtu wa kwao ndo kitu cha kwanza ningemwambia yeyote. Na mtu mmoja hatoshi safari nzima. Kule kwenye Kadam ni Wapian, Moroto ni Wamatheniko na Watepeth, Kotido ni Wajie, Kaabong ni Wadodoth, na hawa wote wana historia ya kunyang'anyana ng'ombe, mtu wa huku akiingia kule na wageni watatu wenye mabegi makubwa anaulizwa maswali magumu. Mzee wetu alivofika mwisho wa eneo ambalo watu wanamjua akakaa chini na kijana mmoja wa Kimatheniko, wakaongea karibu nusu siku, alafu akatukabidhi. Yaani alitukabidhi kwa maneno, huyu anakunywa sana, huyu miguu yake mibaya, huyu haogopi kubeba. Kijana akasikiliza yote na safari iliyobaki alitupanga kwa maneno hayo hayo.

Sasa siku yenyewe. Tunaamka saa kumi alfajiri, giza, baridi, mikono haitaki kufunga hema. Uji wa mtama tulikuwa tunapika usiku tunautia kwenye thamosi, kwa hiyo asubuhi hakuna moto, kila mtu kikombe kimoja na sukari nyingi, saa kumi na moja tunatembea. Hizo saa mbili tatu za kwanza ndo utajiri wa siku, jua halijaja, ardhi imepoa, unameza kilomita bila kuhisi na maji hunywi mengi. Jua likitoka linatoka na ukali wake hapo hapo. Ikifika saa nne, saa tano ikizidi sana, tunatafuta mti na tunakaa. Tunakaa kweli. Mpaka saa tisa, siku zingine saa kumi. Mwanzoni wenzangu waliona ni kupoteza muda, watu wa mjini tumezoea kwamba mchana ndo kazi, lakini angalia wachungaji wenyewe, mbuzi wako chini ya mti, mtoto yuko chini ya mti, mbwa yuko chini ya mti, we ni nani uko juani? Kwa saa moja ya kutembea kwenye jua lile unakunywa lita nzima na bado midomo inapasuka, saa hiyo hiyo ukikaa kivulini robo lita inakutosha. Ndo hesabu yenyewe. Kivuli ni maji ambayo hujabeba.

Na kubeba ndo shida. Lita moja ni kilo moja, haina njia ya mkato. Kutoka chanzo kimoja kwenda kingine tulikuwa tunatoka na lita tano au sita kila mtu, kwa hiyo kabla hujaweka chakula wala blanketi mgongo wako umeshapewa kilo sita. Ndo maana vitu vingine vilibaki kwa mama mmoja muuza duka Moroto mjini, nguo za kubadilisha, spika, sufuria ya pili, viatu vya pili, yule mama alivipanga nyuma ya magunia ya unga wa posho (ugali) akasema mtavikuta. Maharage pia tuliyaacha. Maharage yanakula kuni na yanakula maji, yanachemka masaa, huko ni anasa. Tulibeba unga wa posho, mukene wakavu (dagaa), karanga za kukaanga, na odii, ile karanga na simsim iliyosagwa ya watu wa Kaskazini, mchana mnalamba na kijiko pamoja na chapati ya jana, hakuna kupika hakuna kuosha. Usiku ndo posho na mukene. Sufuria inaoshwa na mchanga mkavu na inang'aa kuliko ya nyumbani.

Tukaweka na sheria. Kila mtu ana maji yake, lakini katika ya kila mtu lita moja ni ya wote na haifunguliwi bila mzee kusema. Inaonekana ni kitu kidogo ila ugomvi wetu mkubwa wa safari ulitoka hapo, mwenzetu mmoja alitaka kunawa uso na ile lita jioni moja ya vumbi kali, maneno yakawa marefu, mzee akanyamaza mpaka tukamaliza, alafu akauliza kesho bomba la mkono la kisima cha mbele likiwa bovu utakunywa nini, uso wako?. Hakuna aliejibu. Kesho yake bomba kweli lilikuwa bovu, mpini upo, mnyororo hauko, na tukafika jioni kwenye mto wa mchanga na zile lita za wote ndo tumebaki nazo.

Hapo mtoni nataka kukaa kidogo kwa sababu ndo mahali nilijifunza zaidi. Ukiuona ni barabara pana ya mchanga mweupe, huamini kuna maji. Yako chini. Mvua ya mwaka jana imeingia kwenye mchanga ikakaa juu ya mwamba, jua haliifikii vizuri, na watu wanachimba kuifuata. Mwanzo wa ukame shimo ni la mkono, kadri miezi inavyoenda linashuka, tulilolikuta sisi mtu anasimama ndani mpaka kifuani. Kulikuwa na mama wawili na wasichana wao, jerikeni za njano zimepangwa mstari. Sisi koo zimekauka, mwenzetu ameshatoa kikombe. Mzee akamshika mkono akamkalisha. Tukakaa mbali kidogo, mabegi chini, mzee akaenda peke yake kusalimia. Salamu za Karamoja si za haraka, anauliza habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe wako wapi, za mvua, na wao wanauliza hawa ni nani na wanatafuta nini, madini au? Maana kule watu wengi wenye mabegi wanakuja kwa sababu ya dhahabu na mawe ya marumaru.

Shimo lina mwenyewe. Aliyechimba ndiye mwenye maji, na nguvu ya kuchimba ile si ndogo, kwa hiyo kuja na kikombe kuteka bila kuuliza ni sawa na kuingia jikoni kwa mtu. Wakikubali unasubiri zamu. Maji yanachuruzika polepole, msichana yuko chini anateka na kibuyu anampa wa juu, kibuyu kinamwagwa kwenye jerikeni, wanasimama wanasubiri yajae tena. Jerikeni moja ya lita 20 ilichukua zaidi ya nusu saa. Mi na rafiki yangu tukaomba kushuka kuongeza kina, wakacheka ila wakakubali, tukachimba tukitupa mchanga mbali na mdomo wa shimo vile tulivoelekezwa ili usirudi ndani. Pesa hawakutaka. Mama mkubwa akaomba chumvi na tumbaku, chumvi tulikuwa nayo, tumbaku mzee akatoa yake. Wakatujazia wote. Na jambo moja walilosisitiza kupitia mzee, hakuna kuoga wala kufua karibu na shimo, na ukimaliza unarudisha matawi ya miiba mdomoni mbuzi wasiingie.

Maji yale ni ya rangi ya chai ya maziwa. Tulikuwa tunayachuja kwenye kitenge kilichokunjwa mara nne, yanatulia, alafu vidonge vya klorini, dakika 30, yakiwa machafu sana tunaongeza dozi kama paketi inavoelekeza. Siku tukiwa na kuni tunachemsha. Kuna mtu aliniambia mlimani kuchemsha hakusaidii kwa sababu maji yanachemka kwenye joto dogo, ni kweli joto linapungua, ukiwa mita 2,500 yanachemka kama nyuzi 92, ila hiyo bado inaua vijidudu vya tumbo, usiogope, acha yatokote vizuri tu.

Kitu kingine cha maji ambacho hakisemwi sana ni chumvi. Rafiki yetu yule wa uso alikuwa anakunywa kuliko sisi wote na bado ikamshika kichwa, kichefuchefu, anazidi kunywa anazidi kuumwa. Jasho linatoa chumvi, ukirudisha maji matupu unazidi kuipunguza ile iliyobaki mwilini. Tukamtengenezea ile ya zahanati, lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6 vya kufuta juu, chumvi nusu kijiko kidogo, akanywa taratibu chini ya mti tangu asubuhi, jioni akainuka. Baada ya hapo kila mchana kila mtu alikunywa kikombe cha hiyo hata kama haumwi. Mzee akawa anatia ukwaju ndani, mikwaju iko mingi kwenye kingo za mito, unapata uchachu kidogo na kinywa kinarudi.

Kuuliza habari ya maji mbele nako kuna namna yake. Ukimuuliza mtu bomba lile linafanya kazi atakwambia ndiyo, anakutakia mema. Kijana wetu alikuwa anauliza tofauti, ulikunywa pale lini wewe mwenyewe? Akisema jana tunaenda. Akisema mwezi uliopita tunauliza mwingine. Na mnaangalia ishara, mavi ya mbuzi mabichi yanaelekea wapi, kina mama wa asubuhi wenye jerikeni tupu wanaelekea wapi, jioni njiwa wanaruka kwa makundi wanaelekea wapi. Simu ilikuwa na ramani, nzuri kwa kujua mlima uko wapi, ila kwa maji haijui lolote, inachora mto wa bluu mahali ambapo ni mchanga mtupu.

Kiswahili kilitufaa kuliko nilivotegemea. Mi nimekulia kwenye Kiswahili cha sokoni Mbale, na kila ditachi, yaani kambi ndogo ya jeshi, tuliyofika tunasalimia kwa Kiswahili mambo yanalainika, wanaandika majina, wanapiga simu ditachi ya mbele kwamba kuna watu wanne wanakuja kwa miguu. Operesheni yao ya kukusanya bunduki iliyoanza 2021 yenyewe inaitwa Usalama kwa Wote. Msipite bila kuripoti, na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, pia, hata kama ni kuzunguka kilomita mbili. Wale hawakutusumbua, mara mbili walitubadilishia njia na tukashukuru. Manyatani, yaani kwenye maboma wanamoishi, ni habari nyingine, wazee na kina mama wanaongea Kikaramojong tu, bila mzee tungekuwa tunatabasamu siku nzima.

Upande wa mashariki karibu na mpaka, mambo ya Nakiloro huko, simu inashika mtandao wa Kenya na unaanza kukutana na Waturkana na ng'ombe wao wamevuka kutafuta majani na maji, wengi wanashuka mpaka bwawa la Kobebe, wanakunywesha pamoja na Wamatheniko. Nikashangaa, nilikuwa najua hadithi za vita tu. Kijana akasema Waturkana na Wamatheniko walifanya amani Lokiriama 1973, wakazika silaha ardhini, na mpaka leo wanakutana kuikumbuka. Haijazuia kila wizi, alisema hivo wazi, lakini mtu akivunja wazee wana pa kuanzia kuongea. Waturkana wale Kiswahili wanakijua, tukakaa nao mchana mzima mti mmoja, mmoja wao akalala kichwa juu ya kile kigoda kidogo cha mbao wanachotembea nacho, unakikalia mchana, usiku mto. Nilikijaribu na shingo ikauma, ila kwa usingizi wa mchanga na siafu naelewa kwa nini.

Miguu kwa ufupi. Soksi mbili, unazibadili kila mnapokaa mchana, zile za asubuhi zinakauka kwenye mwiba. Plasta unaweka pale panapoanza kupata moto, usingoje lengelenge. Viatu unavipiga chini asubuhi kabla ya kuvaa, nge wanapenda humo. Usiku hutoki hemani bila tochi sababu ya kifutu, yule nyoka hakimbii, anakaa tu njiani anakungoja umkanyage. Na suruali ndefu, miiba ya migunga haina huruma.

Usiku tulipenda kulala karibu na manyata, ndani ya uzio wa nje wa miiba tukiruhusiwa. Msimu ule wanaume wengi na ng'ombe wako mbali kwenye malisho, wamebaki kina mama, wazee, watoto na mbuzi wachache, maziwa ni ya kubahatisha na hatukuomba hata siku moja. Tulitoa unga wetu upikwe pamoja na chakula chao, mara nyingi ni majani ya ekorete yamechemshwa, mti ule unabaki kijani ukame mzima na kwa nyumba nyingi ndo mboga iliyobaki. Machungu kidogo. Nimekula nikifikiri vile watu wa mjini wanasema Wakaramoja wanangojea chakula cha msaada, na hapa mama ametembea tangu alfajiri, amechimba maji, amechuma, amepika, na amempa mgeni. Hilo lilinikera na linanikera bado.

Baada ya Kaabong tukajaza unga upya na kupanda msitu wa Timu kwa Waik, kabila dogo la milimani huko, na hapo nchi inabadilika ghafla, msitu, nyuki, unasimama ukingoni unaona Turkana yote chini imetandazwa mpaka macho yachoke. Waik wanalima na wanafuga nyuki, asali yao nzito ya rangi nyeusi tulinunua tukaitia kwenye uji mpaka mwisho wa safari. Mzee mmoja pale alituambia zamani waliwinda bonde la Kidepo lote, kabla ya kuwa hifadhi ya taifa 1962, sasa wakishuka huko wanaitwa majangili. Aliongea bila kupandisha sauti. Lugha yao haifanani na Kikaramojong hata kidogo, iko karibu na ile ya zamani ya Watepeth, na nikamkumbuka mzee wetu wa Tapac ambaye alishatuambia lugha hiyo kwao wamebaki wazee wachache wanaoikumbuka, watoto wote wanaongea Kikaramojong. Natamani angekuwepo siku ile, wangekaa.

Morungole yenyewe ni mita 2,750, hatukuona ni ngumu, miguu ilikuwa imeshazoea na maji ya Timu yalikuwa mazuri. Kushuka upande wa Karenga na kuingia hifadhini lazima askari wa wanyama mwenye bunduki, huko kutembea peke yenu hamruhusiwi na ni haki, nyati wako wengi.

Mwaka huu nataka kurudi na mdogo wangu wa kike, kipande cha Kaabong mpaka Morungole tu, mwezi wa kumi na mbili kabla mashimo hayajashuka sana. Kijana wa Kimatheniko nimemwomba anitafutie Mdodoth wa kutuongoza, amesema atampata, na ameniagiza tumbaku na mnyororo wa bomba. Mnyororo nimeshaulizia Mbale kwa mafundi wa visima, kuna mmoja anao ila anataka kwanza kujua bomba lile ni la aina gani, kwa hiyo nimemwambia kijana akipita pale apige picha ya kichwa cha bomba atume.